Kutazama na Kutunga: Tamthilia katika Shule Zetu

Mwalimu wa fasihi anapoingia darasani na kusema, "Leo tutasoma tamthilia," hakosei lugha, lakini hutamka jambo ambalo wazee wetu wangelistaajabia. Kwao mchezo haukusomwa. Ulichezwa, asiyecheza alitazama, na aliyetazama alijua kwamba zamu yake ingefika. Sisi tumepata kitabu, na kitabu ni neema kubwa. Lakini pamoja na neema hiyo tumejipatia mazoea ya kudhani kwamba mchezo ni karatasi zilizoshonwa pamoja, zenye jina la mtunzi juu na maswali ya marudio mwishoni.

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja tu. Kutazama mchezo na kutunga mchezo ni nusu mbili za somo moja, na shule inayotoa nusu moja huipoteza hata hiyo iliyoitoa. Mwanafunzi asomaye tamthilia bila kuiona ikichezwa huwa mkusanyaji wa dhamira. Mwanafunzi atungaye bila kuwahi kutazama huandika hotuba, kisha akaigawa kwa majina ya watu. Naye atazamaye bila kutunga hubaki mgeni wa karamu: amekula, ameshukuru, ameondoka, wala hajui moto uliwashwaje.

Siandiki haya kama mtaalamu wa chuo kikuu. Elimu yangu ni ya sekondari, kazi yangu imekuwa ya ofisi ya utamaduni, na sanaa yangu ni ushairi. Lakini kazi hiyo, kwa zaidi ya miaka thelathini, imenipeleka katika shule nyingi, na kuniweka mara nyingi kwenye meza ya waamuzi wa mashindano ya michezo ya kuigiza. Niliyoyaona huko, pamoja na makosa niliyoyatenda mwenyewe, ndiyo yanayonisukuma kushika kalamu.

Tuanze na asili yetu. Jioni, bibi alipowaambia wajukuu "Paukwa!" nao wakajibu "Pakawa!", palikuwa pameshafungwa mkataba. Watoto hawakuwa wasikilizaji watupu. Walijibu, waliimba kiitikio, walimkumbusha bibi alipopotea njia. Kesho yake, wakichunga mbuzi au wakichota maji, waliisimulia hadithi ile ile wao kwa wao. Hapo ndipo lilipotokea jambo la maana. Mtoto aliyeigiza fisi hakuiga sauti ya bibi. Alimpa fisi kikohozi cha jirani mmoja aliyejulikana kwa uroho, na wenzake wote wakacheka kwa kuwa wamemtambua. Mtoto yule alikuwa amekwisha kutunga. Aliichukua kazi ya jana, akaitia mtu wa kijiji chake, akatoa hukumu juu ya mtu huyo bila kumtaja kwa jina. Kutazama na kutunga vilitenganishwa na usiku mmoja tu.

Shule ya kikoloni ilivitenganisha kwa muda mrefu zaidi. Katika shule kubwa za Afrika Mashariki michezo ya kuigiza ilikuwapo, na mara nyingi ilikuwa ya Shakespeare, kwa Kiingereza, ikichezwa na vijana wa Kiafrika waliovalishwa maleba ya Kizungu. Yako mengi ya kulaumu hapo, na wengi wameyalaumu. Lakini mhakiki mwenye haki hana budi kutazama pia yale yaliyotokea bila kukusudiwa. Katika shule ya Alliance, huko Kikuyu nchini Kenya, wanafunzi wa miaka ya 1950 walikuwa wakiona mchezo wa Shakespeare ukionyeshwa shuleni mwao kila mwaka. Je, walifanya nini na mafunzo hayo? Waliandika michezo yao wenyewe, tena kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini mwaka 1954 akiwa bado mwanafunzi. Wenzake wakafuata: Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Majina hayo yamo miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa katika historia ya tamthilia iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na kila mwalimu. Vijana wale hawakuambiwa waandike kwa Kiswahili ili wapate alama. Mitihani yao mikubwa ilikuwa ya Kiingereza. Lakini walikuwa wameketi mbele ya jukwaa, wakaona jinsi mtu mmoja anavyoingia na kuharibu mipango ya mtu mwingine, jinsi siri inavyojulikana na hadhira kabla haijajulikana na mwenye kudanganywa, jinsi kicheko kinavyotayarishwa mapema ili kije kulipuka baadaye. Waliyachukua mambo hayo, wakaacha maleba na lugha ya kigeni, wakayatia katika mapenzi, mji, fedha na polisi waliowajua.

Wala tusiwasifu kupita kiasi. Michezo yao ilitungwa katika miaka ambayo Kenya ilikuwa chini ya Sheria ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, na ndugu za baadhi yao walikuwa vizuizini au msituni. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko yote katika maisha yao, nayo si kiini cha michezo ile. Hatuwezi kumlaumu kijana wa shule kwa kutosema lile ambalo lingemfukuzisha au kumfunga. Lakini twapata hapa swali litakaloturudia: mwanafunzi akishafundishwa kutunga, ataruhusiwa kutunga juu ya nini?

Hapa kwetu Tanzania, baada ya Uhuru, njia ilifunguliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Basi hakuna aliyeweza tena kudai kwamba Kiswahili hakibebi uzito wa jukwaa. Ya pili ni ya ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, marehemu Mathias Mnyampala alitoa mashairi ya majibizano yaliyokusudiwa kusemwa mbele ya watu, na shule zetu za msingi zikayapokea kwa mikono miwili. Watoto walijipanga mistari miwili, huyu akauliza kwa ujinga, yule akajibu kwa hekima, na mwishowe mjinga akakubali.

Mimi ni mshairi, na ngonjera ni ndugu yangu; sitaki aeleweke kwamba ninamtukana. Ilifundisha sauti, ilifundisha vina na mizani, ilimfanya mtoto wa kijijini asiogope kusimama mbele ya watu. Ila pasipo mchezo mwingine wa kutazama, ngonjera ndiyo iliyokuwa kielelezo pekee cha mambo ya jukwaani, na wanafunzi wetu wa sekondari wakaanza kutunga tamthilia kwa kipimo chake. Katika ngonjera mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Katika tamthilia, mtazamaji akijua tangu mwanzo nani atashinda na kwa maneno gani, hana sababu ya kuendelea kuketi.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, maana si haki kukosoa watu wengine tu. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa kidato cha tatu, tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Tulisoma kwa bidii. Nilijua kwamba maji ni alama ya umoja. Nilijua kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Nilijua kwamba mtunzi, katika utangulizi wake, alitahadharisha kuwa Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha sanaa, si picha kamili ya yule Kinjeketile wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani. Nilipewa alama nzuri. Katika mwaka huo huo mimi na wenzangu watano tuliandika mchezo wetu juu ya shida ya sabuni. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka foleni za miaka ile. Tuliwaita wahusika wetu Mzalendo na Mhujumu. Mzalendo alieleza madhara ya ulanguzi kwa kurasa tatu, Mhujumu akatetea faida yake kwa ukurasa mmoja, mgambo akaingia, wimbo ukaimbwa, mchezo ukaisha.

Kisha tukapata bahati. Wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu walikuja kuonyesha Kinjeketile katika mji wa mkoa, na mwalimu wetu wa Kiswahili akaomba lori la kutupeleka. Tulisimama njia nzima, tukafika tumejaa vumbi. Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa, na taa zilikuwa karabai mbili. Lakini usiku ule nilitambua kwamba nilikuwa sijausoma mchezo niliopewa alama nzuri kwa kuusoma.

Kitabuni nilikuwa nimeona hotuba ya mtu aliyepagawa. Jukwaani nilimwona mtu yule yule baadaye, akiwa katika akili zake, akirudishiwa maneno aliyoyatoa akiwa si mwenyewe. Watu wanayarudia kwa furaha, na ndani yake mna habari ya kutawaliwa na Sayidi wa Zanzibar, yaani kutoka katika mkono wa bwana mmoja na kuingia katika mkono wa mwingine. Watu wanashangilia, yeye peke yake amenyamaza. Kitabu hakiwezi kuchapa kimya kile. Kilikuwa katika mabega ya mwigizaji. Na mwishoni, pale Kitunda anapomsihi aseme kuwa maji yalikuwa uongo ili ajiokoe, naye akakataa kwa kuhofia kwamba watoto watakaokuja wataambiwa baba zao walikosea kupigana, ukumbi mzima uligawanyika. Nyuma yangu mzee mmoja alinong'ona, "Sema tu, mwanangu, uishi." Mwenzake akamjibu, "Asiseme." Hawakuwa wakibishana juu ya dhamira. Walikuwa wakibishana juu ya mtu aliyekuwa mbele yao, tena kila mmoja alikuwa na haki.

Hapo nilijifunza kanuni ambayo vitabu vya marudio havikunipa: tamthilia huanza pale ambapo pande mbili zote zina sababu. Mhujumu wetu hakuwa na sababu. Alikuwa kinyago tulichokichonga ili tukipige.

Tulirudi tukauchana mchezo wetu. Katika mchezo mpya hapakuwa na Mzalendo wala Mhujumu. Palikuwa na dirisha la duka la ushirika, na wanawake sita kwenye foleni. Mmoja ana mtoto mgonjwa na anaomba apishwe mbele. Mwingine ametembea tangu alfajiri na hataki kumpisha. Wote wawili wana haki. Mwenye duka anafungua dirisha, anasema sabuni imekwisha, anafunga. Wanawake wanakaa chini kwa uchovu. Kisha mlango wa nyuma unafunguka, mke wa mwenye duka anatoka na beseni, anamwaga maji ya kufulia, na povu jeupe linatiririka hadi miguuni mwa wale wanawake. Hakuna asemaye neno. Wanalitazama povu.

Tulijua kwamba tumepata kitu. Mkuu wa shule alipokuja kutazama mazoezi, naye alijua. Mwenye duka la mahali pale alikuwa mtu wa karibu na shule, na siku ya maonyesho angeketi safu ya mbele. Tuliambiwa kwa upole kwamba mchezo ni mzuri, ila sehemu ya povu iondolewe, na mahali pake tuweke maneno ya kuwahimiza wananchi wawe na subira. Tuliondoa. Nilikuwa ndiye mwandishi, na mkono uliokata mistari ile ulikuwa wangu. Tulipigiwa makofi mengi. Mama mmoja aliyezoea kutuuzia ndizi langoni alitungojea baadaye, akasema, "Mmeongea vizuri, wanangu. Nilidhani mtatuonyesha." Nilijidai sikumwelewa.

Nimelisimulia tukio hili kwa sababu ndilo kiini cha tatizo la shule zetu, zaidi ya ukosefu wa lori au taa. Mara nyingi walimu hulalamika kwamba wanafunzi hawajui kutunga. Wengi wao wanajua. Ila wamejifunza mapema kwamba mchezo unaopendwa ni ule usiomtambua mtu yeyote aliyeketi safu ya mbele.

Nami, nilipofika safu ya mbele, sikuwa bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwamuzi kijana katika mashindano ya shule, nilitazama mchezo uliotungwa na wasichana wa kidato cha pili. Ulihusu mwalimu anayechagua kila jioni msichana mmoja wa kumpelekea ndoo ya maji nyumbani kwake. Mwalimu mwenyewe hakuonekana hata mara moja. Tuliona tu ndoo, na wasichana wakihesabiana siku ili kujua zamu ya nani imefika. Ulikuwa mchezo bora kuliko yote ya siku ile. Katika karatasi yangu ya alama palikuwa na mstari ulioandikwa "nidhamu", na hapo nilipunguza kiasi cha kutosha kuwaangusha hadi nafasi ya tatu. Nilijiambia kwamba nawalinda. Sikuuliza ndoo ile ilitoka wapi.

Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Msomaji atakuwa amekwisha kuyajua majina haya kwa njia ya tamthilia: Penina Mlama ndiye Penina Muhando aliyetuandikia Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Katika Tuseme wasichana hawakupewa mchezo wa kukariri. Waliongozwa kwanza kuchunguza wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma; kisha kuyachambua, kuona kiini chake; kisha kuyatungia mchezo; kisha kuuonyesha mbele ya walimu na jumuiya yao; na baada ya onyesho, kuketi pamoja na watazamaji kujadili lipi litafanywa. Njia hiyo baadaye ilichukuliwa na shirika la FAWE na kupelekwa katika nchi nyingine za Afrika. Niliposikia habari zake kwa mara ya kwanza niliikumbuka ile ndoo. Nilifahamu kwamba lile nililoliita utovu wa nidhamu lilikuwa ndilo somo lenyewe.

Yawezekana msomaji akauliza: je, mchezo wa wanafunzi uwe chombo cha kushtaki watu tu? La, hasha. Sanaa yenye kushtaki tu ni ngonjera iliyogeuzwa upande. Hebu tuangalie Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya marehemu Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 1988 na kusomwa na vizazi vingi vya wanafunzi. Kijana mtumishi wa serikali anapelekwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, anasahau kazi, na mzee, kwa hasira, anazitia moto karatasi za sensa. Mwanafunzi asomaye kwa ajili ya mtihani huandika: "Dhamira kuu ni uzembe kazini." Ni kweli, na jina la mchezo limekwisha kumwambia. Lakini mwenye kuuona ukichezwa huzitazama zile karatasi. Huziona zikiingia kijijini kwa heshima, zikishikwa kwa mikono miwili, huziona zikiachwa ovyo wakati Ngoswe anapomfuata binti, huziona zikiungua. Habari nzima ya dola na raia, ya ahadi na uzembe, imebebwa na karatasi. Naye Ngoswe si shetani. Tunamcheka kwa sababu tunamfahamu. Mimi niliyefanya kazi ya ofisi maisha yangu yote namfahamu kuliko ninavyopenda kukiri. Huo ndio ukosoaji wa sanaa: humfikia mkosaji kwa njia ya kicheko chake mwenyewe.

Sasa niseme na walimu juu ya utaratibu, kwani nasaha bila njia ni mzigo.

Kwanza, kuhusu kutazama. Majumba ya maonyesho katika nchi yetu ni machache, na shule nyingi ziko mbali na Dar es Salaam na Bagamoyo. Hiyo si sababu ya kukaa. Shule ikiweza kukodi basi kwenda kuona tamasha la Bagamoyo au onyesho la mkoani, na ikodi, hata mara moja katika miaka minne; nimeonyesha kwamba usiku mmoja watosha kubadili kalamu ya mtu. Isipoweza, iwaalike wanachuo au kikundi cha jirani waje shuleni. Na ikishindwa hilo pia, wanafunzi wapelekwe kutazama mahali ambapo watu hujionyesha kwa watu: ngoma, mnada, harusi, kikao cha mahakama ya mwanzo. Wapewe kazi ya kutazama, isiwe matembezi. Nani alitaka nini? Nani alimzuia? Ni kitu gani kilichosemwa kwa mkono au kwa jicho, pasipo neno? Mwanafunzi akirudi na majibu ya maswali hayo matatu, amekwisha kuona tamthilia.

Pili, baada ya kutazama asiagizwe mara moja kuandika insha ya dhamira na ujumbe. Achukue tendo moja la mchezo aliouona, alihamishie kijijini kwake, abadilishe watu na shida, alitunge upya. Hii ndiyo kazi ya yule mtoto aliyempa fisi kikohozi cha jirani.

Tatu, kuhusu kutunga. Mwalimu amkataze mwanafunzi kumweka mhusika yeyote ausemaye ujumbe. Nitalinganisha mifano miwili niliyoitunga kwa ajili ya makala haya. Mwanafunzi wa kwanza anaandika:

MAMA: Mume wangu, ulevi ni adui wa maendeleo. Fedha zote unazimalizia kilabuni na watoto wetu wanalala njaa.

BABA: Kweli mke wangu, nimekosa. Kuanzia leo nimeacha.

Mwanafunzi wa pili anaandika:

(Mama anapakua ugali. Watoto wanne, sahani tatu. Baba anaingia akiimba.)

BABA: Nimechelewa kidogo. Chakula changu kiko wapi?

MAMA: Karibu. Chagua sahani.

Wa kwanza amesema kweli, na hakuna atakayeikumbuka. Wa pili hakutaja ulevi wala njaa, na kila mwenye kutazama atazihesabu sahani. Mwigizaji wa Baba atalazimika kutafuta mahali pa kuweka macho yake, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Nne, kazi isomwe kwa sauti kabla ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Maneno yasiyokubali kusemwa hujitangaza yenyewe mdomoni. Na lugha iachiwe iwe ya watu. Nawajua walimu wanaosahihisha usemi wa mhusika mvuvi hadi akazungumza kama taarifa ya habari. Kiswahili sanifu ni mali ya taifa nasi tumeapa kukilinda, lakini mvuvi naye ni mali ya taifa.

Tano, na hili ndilo gumu. Mwalimu akishamwongoza mwanafunzi kuona na kusema, awe tayari kusimama karibu naye siku ya onyesho. Mara nyingine mchezo utamgusa mkuu wa shule, au mzazi mwenye cheo, au mwalimu yeye mwenyewe. Aupime kwa haki: je, wanafunzi wamesema kweli? Je, wamempa hata huyo wanayemkosoa sababu zake, kama Hussein alivyompa Kitunda sababu za kumwomba rafiki yake akane? Ikiwa ndivyo, mwalimu hana ruhusa ya kukata. Akikata, atakuwa amefundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote, nalo litakumbukwa kuliko yote aliyoyaandika ubaoni.

Na kwenu wanafunzi nina machache. Msingoje jukwaa lijengwe. Meza nne zatosha, na hata ardhi yatosha. Mkisoma tamthilia, isomeni mkiwa mmesimama, mmoja awe huyu na mwingine awe yule, mpaka mjue kila mtu anaweka wapi mikono yake wakati mwingine anaposema. Mkipata kuona onyesho, usiku huo huo andikeni jambo moja ambalo lisingeweza kuchapwa kitabuni. Na mkitunga, tungeni juu ya lile mlilolinyamazia pamoja, kama wale wasichana walivyoitunga ndoo.

Mchezo wetu wa foleni umepotea. Nilikuwa nao katika daftari la mistari, nikahama vituo vitano vya kazi, nalo halipo tena. Hotuba tulizozitia mahali pa povu siwezi kukumbuka hata moja, ingawa ndizo zilizopigiwa makofi. Povu nalikumbuka: jinsi mwenzetu aliyeigiza mke wa mwenye duka alivyolimwaga kwa utaratibu, bila haraka, na jinsi wasichana sita walivyoinua miguu yao kidogo ili lisiwalowanishe. Watu waliopata kuliona hawakuzidi kumi, na mmoja wao alikuwa mkuu wa shule.